Kompyuta haikuchora hata fremu moja: dhana potofu kuhusu 2001: A Space Odyssey

Filamu hii ya Stanley Kubrick ilitoka Aprili 1968, mwaka na ushei kabla ya binadamu kukanyaga Mwezi. Hadi mtu atamke neno la kwanza zimeshapita kama dakika 25, na mwisho wake hakuna anayekueleza maana yake. Penye kimya watu hujaza ya kwao, na hapo ndipo utamu wa kuirudia ulipo. Ila baadhi ya yaliyojazwa si kweli.

Dhana: Picha zake zilitengenezwa kwa kompyuta

Hata "skrini za kompyuta" zinazoonekana ndani ya Discovery, chombo cha angani cha hadithi hii, ni filamu za katuni za milimita 16, zilizorushwa na projekta zilizofichwa nyuma ya ukuta. Kalamu inayoelea imebandikwa kwa tepu ya pande mbili kwenye kioo kikubwa kinachozungushwa taratibu mbele ya kamera. Tazama vizuri mhudumu anapoichukua: haidaki, anaibandua.

Kazi kubwa zaidi iko mwanzoni, kwenye nyika ya Afrika. Waigizaji wa zamadamu walikuwa studio, Borehamwood, Uingereza. Mandhari yalipigwa picha katika nchi ambayo leo ni Namibia, yakawekwa kwenye slaidi za inchi 8 kwa 10. Projekta ilirusha slaidi kwenye kioo kilichoinamishwa nyuzi 45, kinachorudisha nusu ya mwanga na kupitisha nusu. Picha ikagonga skrini kubwa nyuma ya waigizaji, iliyofunikwa kitambaa chenye shanga ndogo mno za kioo, jamaa ya kile cha alama za barabarani, ambacho hurudisha mwanga kule kule ulikotoka. Kamera ilichungulia kupitia kioo hicho, kwenye mstari uleule wa projekta. Picha iliwaangukia waigizaji pia, lakini miili yao haiakisi kama kitambaa, kwa hiyo taa za studio ziliifuta. Vivuli vyao navyo vilijificha nyuma yao. Kamera ikihama kidogo tu kutoka kwenye mstari, ukingo mweusi unachomoza kando ya mtu.

Kitambaa chenyewe kilileta shida: kilitoka kwenye marobota, na rangi ya kipande kimoja haikulingana na ya kingine, hivyo mistari ya maungio ikaonekana angani. Dawa yake ikawa kukichanachana vipande visivyo na umbo na kuvibandika ovyo ovyo. Jambo moja hawakuweza kulizuia: macho ya chui yanang'aa kama taa, kwa sababu yalirudisha mwanga wa projekta kama kitambaa kilivyofanya. Limeachwa, na limependeza kuliko kama lingepangwa.

Dhana: Aliyeweza hayo ndiye aliyeghushi safari ya Mwezini ya 1969

Filamu yenyewe ni shahidi wa kinyume. Milima yake ya Mwezi ina ncha kali kama meno ya msumeno, ilhali ile halisi imelainika kwa kugongwa na vimondo vidogo kwa mabilioni ya miaka. Chombo kinapotua, vumbi linavimba na kuzunguka kama moshi. Kwenye picha za Apollo, safari halisi za Mwezini, vumbi linaruka likiwa bapa pembeni kisha linatua, kwa kuwa hakuna hewa ya kulibeba. Kubrick alikuwa fundi, lakini vumbi la studio lina hewa ndani yake.

Dhana: HAL ni IBM, herufi moja nyuma

HAL ndiyo kompyuta inayoendesha Discovery. H, A, L. Sogeza kila moja mbele, unapata I, B, M, jina la kampuni ya kompyuta. Inavutia, lakini Arthur C. Clarke, aliyeandika hadithi pamoja na Kubrick, aliikana mara nyingi. Kwa maelezo yake, jina limefupishwa kutoka njia mbili za kufikiri za mashine: kukisia kwa uzoefu na kufuata kanuni. Uhusiano wa kweli na IBM upo kwingine. Mwaka 1961, katika maabara ya Bell, kompyuta ya IBM 704 iliimbishwa wimbo wa Daisy Bell. Clarke aliusikia, na ndio HAL anaouimba kwa sauti inayofifia anapong'olewa kumbukumbu.

Wengine husema HAL aligeuka muuaji bila sababu. Sikiliza ujumbe wa video unaojiwasha mara tu anapozimwa: lengo la safari lilijulikana na HAL peke yake ndani ya chombo. Alikuwa akiwaficha wenzake siri tangu siku ya kwanza.

Dhana: Filamu ilitokana na riwaya

Vyote viwili viliandikwa kwa wakati mmoja, na kitabu kilitoka baada ya filamu. Ndiyo maana vinagongana. Kitabuni safari inafika Zohali. Filamu inaishia Mshtarii, kwa kuwa pete za Zohali zilishindwa kutengenezwa zikaaminika. Uwiano wa 1:4:9 (unene, upana, urefu) wa lile bamba jeusi la ajabu linalojitokeza hadithini nao ni wa kitabu. La filamu ni jembamba zaidi.

Dhana: Bowman bila kofia angepasuka

Bowman, mwanaanga wa Discovery, anaporudi chomboni anapita kwenye ombwe, yaani mahali pasipo hewa, bila kofia yake. Angepasuka? Hapana. Ngozi inahimili. Kinachomaliza mtu kwenye ombwe ni kukosa oksijeni, na fahamu hupotea ndani ya sekunde 15 hivi. Mwaka 1966 fundi mmoja wa NASA, vazi lake lilipovuja ndani ya chumba cha ombwe, alizimia baada ya sekunde kama 14. Alikumbuka mate yakichemka ulimini, na akapona. Kosa la Bowman ni jingine: anavuta pumzi na kuibana. Hewa iliyobanwa hutanuka na kuchana mapafu. Alipaswa kuitoa.

Dhana: Kisayansi haina dosari

Gurudumu wanamoishi wanaanga, ambalo kuzunguka kwake ndiko kunakowapa uzito, lilijengwa kweli, kipenyo karibu mita 11.6, likazungushwa lote. Bowman anaposhuka ngazi huku mwenzake Poole akila juu kichwa chini, Poole amefungwa kwenye kiti kwa mikanda. Lakini piga hesabu. Kwa nusu kipenyo cha mita 5.8, kupata uzito wa Mwezini tu kunataka mizunguko 5 kwa dakika, na kichwa cha mtu aliyesimama kingehisi takriban asilimia 70 ya uzito wa nyayo. Kizunguzungu kingeweza kumwangusha Poole kabla hajamaliza mbio zake.

Safarini kuelekea Mwezini, Dk. Floyd, ofisa anayetumwa huko, anafyonza chakula kwa mrija. Anapouachia, kile kilichopanda kinateremka taratibu kurudi kwenye kifuko, kama vile kuna chini.