Sita Sings the Blues ni muvi gani, na Ramayana imeingiaje humo

Sita Sings the Blues ni muvi ya katuni ya Marekani ya mwaka 2008, dakika 82, aliyeitengeneza ni Nina Paley, karibu peke yake kwenye kompyuta yake nyumbani. Ndani yake kisa cha Ramayana kinasimuliwa kwa nyimbo za jazi za miaka ya 1920.

Ramayana yenyewe ni utenzi wa Kisanskriti, wa zaidi ya miaka 2000, unaosemwa ni wa Valmiki. Kwa kifupi mwanamfalme Rama anafukuzwa kwao Ayodhya miaka 14, mkewe Sita anamfuata porini, mfalme Ravana anamteka anampeleka Lanka, Rama na Hanuman, mungu mwenye umbo la nyani, wanaenda kumkomboa. Wahindu wengi wakiwasha taa za Diwali, hata hapa kwetu Dar na Mombasa, wanakumbuka Rama kurudi nyumbani. Lakini kisa hakiishii pale, na hapa ndo Nina kapakazania: Sita akishaokolewa mume anamtilia shaka, inabidi aingie kwenye moto kuonyesha ni msafi, moto haumuunguzi, alafu bado maneno ya watu yanamfanya Rama amfukuze akiwa mjamzito, anajifungulia mapacha msituni.

Sasa kila Sita anapoumia anafungua mdomo na sauti inayotoka ni ya Annette Hanshaw, mwimbaji wa zamani wa Marekani, nyimbo za mapenzi za kawaida tu, ila ukizisikia pale zinauma kweli. Nina mwenyewe aliachwa na mumewe kwa imeili baada ya jamaa kwenda kufanya kazi India, na hilo nalo limechorwa humo sambamba na la Sita.

Mi ninachokipenda zaidi ni wale wasimulizi watatu, vivuli vya vikaragosi, Wahindi wanaongea bila kusoma popote, wanabishana nani alifanya nini, huyu anasahau yule anamrekebisha. Ndivyo Ramayana ilivyoishi siku zote, mshairi Kamban aliisimulia kwa Kitamil, mshairi mwingine Tulsidas akaja na yake, Thailand wana yao, kwahiyo kuisimulia upya siyo kuiharibu. Wapo Wahindu walioona muvi hii inadharau dini yao, na naelewa, maana Rama kwao ni Mungu anayeabudiwa, siyo mhusika wa hadithi tu, ila kwangu mimi machozi ya Sita yamo kwenye utenzi tangu mwanzo, Nina hakuyatunga.

Kuhusu hakimiliki, rekodi za Hanshaw hazikuwa shida sana, tatizo nyimbo zenyewe kama zilivyotungwa bado zilikuwa na wenyewe, ikabidi Nina alipe kama dola 50,000. Baadae akaiachia muvi bure mtandaoni, na tangu 2013 ameondoa masharti yote aliyokuwa ameweka yeye, unaruhusiwa kuipakua, kuinakili, hata kuionyesha mtaani kwenu.