Msongo wa joto na yai la ng'ombe wa maziwa

Msongo wa joto ni hali inayompata ng'ombe pale joto analolitengeneza mwilini, pamoja na lile analolipokea kutoka kwenye jua, paa na hewa, linapozidi uwezo wake wa kulitoa. Joto la kawaida la mwili wake ni nyuzi 38.5 hivi za Selsiasi, na likizidi nyuzi 39 kwa saa kadhaa kila siku, uzazi huwa miongoni mwa mambo ya kwanza kuharibika. Ng'ombe wa maziwa wa kigeni, hasa Friesian, huanza kuelemewa hewa ikifika nyuzi 25 hivi, kwa kuwa kazi yenyewe ya kutengeneza maziwa huzalisha joto jingi. Ndiyo maana anayekamuliwa sana huumia kuliko mtamba, yaani jike ambaye hajazaa, anayelala naye banda moja.

Hapa Moshi tofauti huonekana ndani ya mwendo mfupi. Kibosho au Marangu ng'ombe hupata kivuli cha migomba na hewa ya mlimani, lakini ukishuka hadi Kahe au Arusha Chini kati ya Januari na katikati ya Machi, utamkuta saa nane mchana chini ya bati fupi, amesimama badala ya kulala, mdomo wazi, udenda ukimdondoka, ubavu ukipanda na kushuka zaidi ya mara 60 kwa dakika, na majani yamebaki kwenye hori.

Madhara ambayo wafugaji wengi hawayahusishi na mchana huo hujitokeza baadaye. Masika yakianza na hewa ikapoa, ng'ombe huonyesha kutaka dume, mhamilishaji, yaani mtaalamu wa kupandikiza mbegu, huitwa, na baada ya siku 21 ng'ombe anataka dume tena. Lawama humwangukia mtaalamu au mbegu, ilhali mbegu ya mrija, yaani ya dume iliyogandishwa, hukaa ndani ya naitrojeni ya maji yenye ubaridi wa nyuzi 196 chini ya sifuri, na mtungi ukitunzwa vizuri jua la nje haliigusi. Mara nyingi kilichoharibika ni yai. Yai halitengenezwi siku linapotoka: hukua ndani ya kijifuko kwenye ovari, na hatua za mwisho tu za kijifuko hicho huchukua zaidi ya siku 40. Kwa hiyo yai linalotoka mwanzoni mwa Aprili lilikuwa likikua katika jua kali la Februari na Machi, wakati ng'ombe alikuwa akila kidogo na damu nyingi ikipelekwa kwenye ngozi ili kupoza mwili. Kijifuko kikubwa hushindwa kuvidhibiti vingine, homoni ya estrojeni hupungua, na yai lenyewe hutoka likiwa na uwezo mdogo wa kurutubishwa na kukua. Ndiyo maana uzazi huweza kubaki chini kwa mizunguko miwili au mitatu baada ya joto kupita.

Upungufu huo wa estrojeni pia hufanya dalili za kutaka dume ziwe fupi na hafifu, na nyingi hutokea usiku. Kwa mwenye ng'ombe mmoja wa ndani, ambaye hana mwenzake wa kumpanda, nafasi ya kuzikosa ni kubwa sana. Afadhali amkague alfajiri na jioni, akitazama hasa ute angavu kama maji uliogandia mkiani. Hata yai likirutubishwa, kiinitete, yaani mimba changa kabisa, ni dhaifu mno kwa joto katika siku mbili tatu za kwanza, kisha huanza kustahimili.

Kumpoza ng'ombe siku ya kuhamilishwa pekee, kwa hiyo, hakutoshi. Kivuli kianze wiki kadhaa kabla: paa liinuliwe au bati lifunikwe nyasi, maji yawepo muda wote, kwani anayekamuliwa huweza kunywa lita 80 au zaidi kwa siku, na sehemu kubwa ya chakula itolewe jioni na alfajiri. Kwa wanaoishi tambarare, chotara mwenye damu ya zebu, yaani ng'ombe wa nundu, kama Boran hustahimili zaidi, ingawa maziwa huwa machache kidogo. Na anayetegemea dume la kijiji alikinge nalo na jua, kwa sababu mbegu zake huchukua takriban miezi miwili kutengenezwa, na joto la Februari huonekana kwake pia wakati wa masika.