Wajibu wa kijana unaishia wapi?

Nafundisha Uraia katika sekondari moja hapa Moshi. Nikiwauliza kidato cha tatu utaifa wao uko wapi, mikono inapanda haraka: bendera, wimbo wa taifa, Kiswahili, Taifa Stars, Mwenge uliowashwa kileleni Kilimanjaro 9 Desemba 1961. Nikiuliza wajibu wao ni upi, wote wanarudi nyumbani: kumsaidia mama, kuangalia wadogo, kufaulu ili wazazi wapumzike. Koki ya bomba la shule ikivunjika, hiyo ni shauri ya serikali.

Nasikia sana watu wazima wakisema vijana wa sasa hawajali. Si kweli, na maneno hayo yananiuma. Binti wa miaka 16 aliyekata majani ya ng'ombe alfajiri kabla ya kushuka shuleni anaujua wajibu kuliko wengi wanaomsema. Shida ni kwamba hajaonyeshwa kwa nini wajibu huo uvuke uzio wa kwao.

Ndiyo maana huanzia kwenye mifongo, ile mifereji ya asili inayoleta maji ya mtoni hadi kwenye vihamba, yaani mashamba ya nyumbani ya Wachaga, huko mlimani. Wengi wana babu aliyeitwa kwenda kuizibua. Asiyetokea kazini alitozwa faini au alikosa zamu yake ya maji. Lakini aliyechimba alikuwa na sauti pia wakati wa kupanga zamu, na hapo ndipo darasa linapochangamka.

Kisha tunafungua Katiba ya 1977, ibara ya 27. Inamtaka kila mtu alinde mali asilia, mali ya mamlaka ya nchi na mali inayomilikiwa na wananchi kwa pamoja, na inawataja watu hao kuwa waamuzi wa hali ya baadaye ya taifa lao. Hapo wanafunzi hunibana: sisi waamuzi wa nini, na kura ni mpaka ufikishe miaka 18?

Ni swali la haki. Jibu ninalowapa liko katika Sheria ya Mtoto ya 2009, ambayo kwa bahati mbaya shule nyingi huisoma nusu. Kifungu cha 15 tunakipenda: mtoto aheshimu wakubwa, aitumikie jamii na taifa kadiri ya umri na uwezo wake. Cha 11 tunakiruka, nacho kinasema mtoto anayeweza kuwa na maoni asizuiwe kuyatoa, asikilizwe, na ashiriki katika maamuzi yanayogusa ustawi wake.

Vijana wanaviona vifungu hivyo viwili kama mfongo na zamu ya maji, nami nakubaliana nao. Kwa hiyo walimu wenzangu, kabla ya kuwapanga wanafunzi kufyeka na kudeki, waiteni viongozi wao kwenye kikao kinachopanga fedha za ukarabati. Wapeni daftari la madawati na mabomba walitunze wenyewe, na matumizi yabandikwe kwenye ubao wa matangazo ambapo kila mwanafunzi atayasoma.