Miaka 6,000 imetoka wapi? Tupige hesabu ya Mwanzo 5 mbele ya fuvu la Oldupai

Sisi tunaopokea wanafunzi pale Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Shaaban Robert, Dar es Salaam, kuna swali tunaulizwa sana na mara nyingi haliulizwi kwa sauti. Mtoto anasubiri wenzake watangulie kwenda kuona magari ya Mwalimu Nyerere, yeye anabaki kwenye kioo cha Zinjanthropus, lile fuvu la kale la Oldupai, halafu anakuuliza taratibu, sasa kama hili fuvu lina miaka milioni 1.75 na kanisani tumefundishwa dunia ina miaka elfu sita, nani anasema uongo?

Binti mmoja wa kidato cha kwanza aliniuliza hivyo huku kabana Biblia ya zipu kwapani, na sura yake ilionyesha kabisa kwamba jibu lolote nitakalompa litamuumiza sehemu. Sikutaka aondoke Posta na mzigo huo, nikamwambia kaa hapa kwenye benchi, toa daftari, fungua Mwanzo 5 tupige hesabu wenyewe.

Adamu alikuwa na miaka 130 alipomzaa Sethi, Sethi 105 akamzaa Enoshi, Enoshi 90, Kenani 70, Mahalaleli 65, Yaredi 162, Henoko 65, Methusela 187, Lameki 182 akamzaa Nuhu, na gharika inakuja Nuhu ana miaka 600. Akajumlisha, akakosea kwa Yaredi, akafuta, akarudia, ikatoka 1,656. Nikamuuliza, umeona mahali popote pameandikwa dunia ina miaka mingapi? Akasema hapana mwalimu, nimejumlisha mimi.

Basi hapo ndipo penyewe. Miaka elfu sita sio mstari wa Biblia, ni jumla iliyopigwa na watu, na aliyeipiga ikasambaa kuliko wote kwa wanaosoma Biblia za Kiingereza ni James Ussher, askofu mkuu wa Armagh kule Ayalandi, ambaye mwaka 1650 alitangaza kwamba uumbaji ulianza mwaka 4004 KK, jioni ya kuamkia tarehe 23 Oktoba. Watu wengi siku hizi wanamcheka na mimi hilo silipendi, kwa sababu yule mzee alikuwa msomi wa kweli, alikusanya nakala za kale, akafuata vizazi, akafuata miaka ya wafalme wa Yuda, na pale Wafalme wa Pili inapomtaja Evil-merodaki kuanza kutawala Babeli akapaunganisha na kifo cha Nebukadreza mwaka 562 KK kinachojulikana kwenye historia ya nje ya Biblia. Kwa vifaa vya wakati wake ni kazi kubwa mno. Kuanzia 1701 tarehe zake zikaanza kuchapishwa pembeni ya kurasa za Biblia za Kiingereza, na ukishaona namba iko kwenye ukurasa mmoja na Neno la Mungu ni rahisi sana kudhani na yenyewe ni Neno.

Tatizo ni kwamba jumla inategemea umeshika nakala ipi. Ile 1,656 ni ya Kiebrania, ambayo ndiyo iko kwenye Biblia zetu nyingi za Kiswahili. Nakala ya Wasamaria inakupa 1,307 mpaka gharika. Tafsiri ya kale ya Kigiriki, ambayo Wakristo wa mwanzo waliitumia sana, inamfanya Adamu awe na 230 alipomzaa Sethi na wengine kadhaa wanaongezewa mia mia, jumla inavuka 2,200, ndio maana Wakristo wa Konstantinopoli walihesabu uumbaji kuwa 5509 KK wakati kalenda ya Wayahudi inaanzia 3761 KK. Halafu kwenye nakala nyingi za Kigiriki Methusela anatokea kuishi miaka 14 baada ya gharika na kwenye safina hayumo! Augustino wa Hippo, huyu wa Afrika ya Kaskazini, alishalijadili hilo miaka 1,600 iliyopita na imani yake haikutikisika.

Na vizazi vyenyewe vinarukwa. Mathayo 1:8 inasema Yoramu akamzaa Uzia, lakini ukisoma Wafalme na Nyakati unakuta katikati kuna Ahazia, Yoashi na Amazia. Kwa hiyo "akamzaa" inaweza kumaanisha alikuwa babu yake wa mbali, na hata sisi ukimuuliza mzee wa kijijini ukoo wake atakutajia wakubwa wanaojulikana, sio kila mtu.

Sasa Wakristo wenyewe wanaonaje? Sio wote wanaona kimoja. Wapo wanaosema siku sita ni siku sita za saa 24 na dunia ni changa, na hawa wana hoja yao ya msingi wanayoijali kwa dhati: ukianza kulegeza Mwanzo, je dhambi na wokovu navyo utavilegeza? Ni swali la heshima, tusilipuuze. Hoja yao kwenye miamba, kwamba gharika ndiyo iliyotandaza matabaka yote, iliandikwa sana na Msabato George McCready Price mwaka 1923, halafu 1961 ikapewa nguvu mpya Marekani na mwanatheolojia John Whitcomb na injinia Henry Morris. Wapo wanaosema kila siku ni kipindi kirefu, wapo wanaosema Mungu aliumba kwa njia ya evolusheni yenyewe, yaani viumbe kubadilika pole pole kizazi hadi kizazi, na Papa Yohane Paulo II mwaka 1996 alisema nadharia hiyo ni zaidi ya dhana tu.

Mwaka uleule 1961 ndio umri wa Zinj, yaani Zinjanthropus wetu, ulitangazwa. Mary Leakey alikuwa ameliona fuvu Oldupai tarehe 17 Julai 1959, na mume wake Louis, mtoto wa wamisionari wa Kianglikana aliyezaliwa Kabete, Kenya, alikuwa anakadiria miaka laki sita. Kipimo kikatoa milioni 1.75. Na hapa naomba nisahihishe kitu maana nakisikia kila mara: hawakutumia kaboni 14. Kaboni 14 inapungua nusu kila miaka 5,730 hivi, ukipita miaka elfu hamsini haikusaidii tena. Walichopima ni jivu la volkano. Ndani yake kuna potasiamu, sehemu yake ndogo inageuka pole pole kuwa gesi ya agoni, mwamba ukiwa wa moto gesi inatoroka, ukipoa inanaswa, kwa hiyo unahesabu gesi iliyonaswa tangu volkano ilipolipuka.

Kuhusu gharika kutandaza kila kitu, mimi kinachonizuia kukubali ni Laetoli, kusini ya Oldupai. Pale kuna nyayo za viumbe waliotembea wima miaka milioni 3.66 iliyopita juu ya jivu lililolowana, na kuna vidoti vya matone ya mvua vimebaki kwenye jivu lilelile. Matone ya mvua! Tabaka lile lilikuwa uso wa nchi kavu, kuna hewa, wanyama wanapita, halafu majivu mengine yakaja juu yake. Chini ya maji ya gharika ya mwaka mmoja sioni vidoti vile vingebakije.

Kingine, Zinj sio babu yetu. Hata walimu wengine wanasema "binadamu wa kwanza", hapana. Angalia magego yake yalivyo mapana, angalia ule ukingo wa mfupa utosini ambapo misuli ya kutafunia ilishika, huyo ni ndugu wa tawi la pembeni na tawi lake lilikatika. Yule binti aliyaangalia magego muda mrefu, akaweka kidole kwenye shavu lake mwenyewe kupima, halafu akarudi kwenye benchi kuandika ile 2,200 ya Kigiriki chini ya 1,656 yake ili akamuulize mwalimu wake wa Jumapili.

Mzazi au mwalimu ukija na watoto, waambie waje na Biblia. Kalamu na karatasi zipo.