Elfu kumi ya Luku inaishia wapi?

Juni ikiingia, baridi ya Mlima Meru ikishuka mjini Arusha na watu wakaanza kutoa makoti kabatini, simu yangu hulia kwa lalamiko lile lile kuhusu mita ya umeme wa kulipia kabla: "Fundi, Luku inaniibia." Nimefunga na kutengeneza umeme wa majumbani miaka mingi, Sakina, Moshono, Njiro mpaka Ngaramtoni, na mita mbovu kweli nimezikuta chache mno. Kinachokosekana ni hesabu, na hesabu yenyewe haizidi ile unayopiga ukiwa na kikapu soko la Kilombero.

Tuanze na risiti. Wengi wakishaingiza zile tarakimu 20 za tokeni, meseji wanafuta. Usifute, isome. Nyumba nyingi za mjini ziko kundi la T1, la watumiaji wa kawaida, na kwa bei zilizopangwa na EWURA, mdhibiti wa nishati na maji, mwaka 2016, uniti moja ni shilingi 292. Juu yake kuna VAT asilimia 18, REA (ya umeme vijijini) asilimia 3 na EWURA yenyewe asilimia 1. Ukijumlisha, uniti inakufikia kwa shilingi 356 na senti. Kwa hiyo elfu kumi inakupa uniti 28 na nukta.

Mbona tarehe mosi umepata 23 na nukta? Hapo ndipo mtu anapoanza kusema ameibiwa. Tangu mwaka 2021 kodi ya jengo inakatwa kupitia Luku, na kuanzia Julai 2023 nyumba ya kawaida inakatwa 1,500 kwa mwezi, kwenye manunuzi ya kwanza. Ghorofa zinakatwa zaidi. Ukisafiri miezi mitatu bila kununua umeme, deni la miezi mitatu linakungoja mlangoni. (Wapangaji, hiyo ni kodi ya mwenye nyumba. Kaeni naye muelewane. Mimi msiniite kwenye hicho kikao.)

Kundi la D1 lina mtego wake. Ni la watumiaji wadogo, wasiozidi uniti 75 kwa mwezi, na kwao uniti ni shilingi 100, ukiweka makato 122. Uniti ya 76 inaruka mpaka 350, ukiweka makato 427. Sasa sikiliza vizuri: mfumo unahesabu ulichonunua ndani ya mwezi wa kalenda, hauhesabu ulichotumia. Jirani yangu mmoja alipata hela tarehe 29, mwezi mzima alikuwa hajanunua, akaamua kujaza elfu ishirini kwa mpigo ili apumzike. Shilingi 9,150 za kwanza zilimpa uniti 75. Zile 10,850 zilizobaki zikampa 25 tu. Angenunua za 9,150 siku ile, akasubiri siku mbili mwezi ugeuke akanunua tena 9,150, angekuwa na uniti 150 na chenji mfukoni. Kodi ya jengo nimeiweka pembeni, lakini hata ukiirudisha, tofauti haifichiki. Na ukizoea kupita 75, jiandae kuhamishiwa T1.

Haya, tuingie ndani ya nyumba. Uniti moja ni wati 1,000 zikitumika saa nzima. Geuza kifaa, tafuta kibandiko, soma wati, zidisha kwa saa, gawanya kwa 1,000. Basi. Taa ya LED ya wati 9 ikiwaka usiku kucha, saa 12, haijafika hata robo ya nusu ya uniti. Runinga ya wati 60 kwa saa sita ni kama theluthi moja. Chaja ya simu nisikupotezee muda. Bado nakutana na baba anayegombeza watoto kwa taa ya korido huku bafuni kwake kuna mnyama wa wati 5,000.

Huyo mnyama ni hita ya kuogea, ile inayofungwa juu ya kichwa na kuchemsha maji yakipita. Dakika 10 chini yake ni uniti 0.83, karibu shilingi 300. Watu watano wakioga mara moja kwa siku, ni uniti 125 kwa mwezi, yaani shilingi elfu 44 na mia tano, na bado hujapika wala kupiga pasi. Sasa linganisha na ndoo. Lita 10 za maji, kuyatoa kwenye ubaridi wa bombani, tuseme nyuzi 18, hadi nyuzi 40, inataka kama robo ya uniti. Shilingi 90 hivi. Siwaambii mrudi kwenye ndoo, nami asubuhi ya Julai nasimama chini ya hita kama wengine. Lakini ukiingia, ujue dakika moja ni shilingi 30, na kijana wa kidato cha tatu anayeimba humo ndani anaimba kwa hela yako.

Kanuni ninayoitumia kazini ni fupi: kinachopasha ndicho kinachokula. Pasi, jagi la umeme, hita, jiko la koili. Ila usiogope wati kubwa bila kuuliza muda. Presha kuka ya umeme ya wati 1,000 inapika makande kwa uniti kama nusu, kwa sababu ikishajaa mvuke inazima na kuwaka yenyewe huku joto limefungiwa ndani. Hizo ni kama shilingi 180 kwa sufuria ya familia. Nenda kaulize kopo la mkaa ni shilingi ngapi. Friji nayo ni kinyume chake: wati chache, lakini haina likizo. Friji ya kawaida ikizunguka kwenye uniti moja kwa siku, iko sawa. Ndugu zangu wa Moshi, ambako ni chini zaidi na kuna joto kuliko huku, hita hainywi sana lakini friji inahangaika, hasa ikiwa imebanwa ukutani na mpira wa mlango umechoka.

Ukishapiga hesabu na bado haifanani na mita, mita yenyewe ina jibu. Angalia kile kitaa chekundu kinachometa. Pembeni yake pameandikwa namba, mara nyingi 1000 imp/kWh: kikimeta mara 1,000 umekula uniti moja. Maana yake kikimeta mara 10 kwa sekunde 36, nyumba inavuta wati 1,000 wakati huo. Zima vyote, kisha kitazame.

Mwaka fulani nilifanya hivyo kwa mama mmoja kule Kwa Mrombo. Nilipomwamkia hakuitikia hata marahaba, alianza na risiti. Tulizima kila kitu, tukachomoa friji. Kitaa kikaendelea kumeta, mara moja kila sekunde 18. Hizo ni wati 200, karibu uniti tano kwa siku, zaidi ya elfu 50 kwa mwezi, nyumba ikiwa imelala. Nikashusha breka moja moja. Nilipofika ya pampu, kimya.

Kebo ya kwenda kisimani ilikuwa imefukiwa bila bomba, ganda limepasuka, umeme unanywewa na udongo mbichi wa shambani. Breka ya kawaida haiwezi kuhisi uvujaji mdogo hivyo. Ile inayohisi ilikuwepo ubaoni, lakini fundi aliyepita aliiruka kwa waya kwa sababu, aliniambia mama, "ilikuwa inakatakata, inasumbua." Ilikuwa inasema kweli! Na watoto walikuwa wanapita pale peku kuchota maji. Hiyo ndiyo iliyonikosesha usingizi, kuliko zile elfu 50.

Tukavuta kebo mpya ndani ya bomba, nikairudisha breka ya uvujaji mahali pake, tukazima vyote tena. Mama akasimama mbele ya mita dakika nzima, mikono kiunoni, kitaa hakikumeta. Kisha akanigeukia. "Sasa mwanangu," akasema, "si unifungie na ile hita kubwa?"