KICC haikuanza kama jumba la mikutano

Wengi huamini kwamba jumba la KICC (Kituo cha Mikutano ya Kimataifa cha Kenyatta) jijini Nairobi lilibuniwa tangu mwanzo kuwa ukumbi wa mikutano ya kimataifa, na kwamba ni kazi ya mgeni mmoja tu. Imani zote mbili si sahihi. Ujenzi ulipoanza mwaka 1967, jengo lilikusudiwa kuwa makao makuu ya KANU, chama tawala cha wakati huo. Ni pale Nairobi ilipopewa uenyeji wa mkutano wa Benki ya Dunia na Shirika la Fedha la Kimataifa wa mwaka 1973 ndipo mpango ulipopanuliwa. Ramani ilichorwa na Karl Henrik Nøstvik wa Norwei pamoja na David Mutiso, msanifu majengo Mkenya aliyekuwa akihudumu serikalini, ambaye jina lake, kwa masikitiko yangu, husahaulika mno. Ukisimama uwanjani karibu na sanamu ya Mzee Jomo Kenyatta aliyeketi, utaona paa la ukumbi lililochongoka kama la msonge, na kando yake mnara wenye rangi ya udongo wa kufinyangia vyungu.