Uhandisi wa petroli si wa kungojea mafuta ya Turkana

Tangu mafuta yagunduliwe Turkana mwaka 2012, wazazi wengi hapa Nakuru husema hivi: anayesomea uhandisi wa petroli atakaa bila kazi hadi visima vya Lokichar vianze kutoa mafuta. Nawaelewa, karo si mchezo. Lakini wanakosea kuhusu kinachofundishwa.

Kiini cha kozi hii ni kisima: kukichimba kilomita kadhaa chini ya ardhi, kudhibiti shinikizo kwa tope maalumu, kushindilia saruji nyuma ya mabomba ya chuma, kisha kukadiria kilichomo ndani ya miamba na kitadumu kwa muda gani. Ujuzi huohuo ndio unaohitajika Olkaria, karibu na Naivasha, ambako umeme wa jotoardhi, yaani wa mvuke unaotolewa ardhini kwa visima, umezalishwa tangu 1981, na vilevile Menengai, juu tu ya mji wetu. Tofauti ipo, tena kubwa: miamba ya volkano ni migumu, na joto hupita nyuzi 300. Mwanafunzi mwenye busara atajiongezea masomo ya jotoardhi.

Nafasi si nyingi, hilo ni kweli, na ajira za mafuta hupanda na kushuka pamoja na bei. Pipa lililouzwa zaidi ya dola 100 katikati ya 2014 lilikuwa chini ya dola 30 Januari 2016, na wahandisi wengi duniani wakaachishwa kazi.

Kabla ya kulipa karo, hakikisheni kwamba kozi yenyewe inatambuliwa na Bodi ya Wahandisi ya Kenya.